Nchi Iliyotawaliwa na Kidole cha Shahada

Kuna watu kiti huwachoma. Mzee Shekue alikuwa mmoja wao. Shule aliisoma vipandevipande kama mtu anayetafuna muwa huku anatembea: darasa la tatu huku, la tano kule, la sita hakuliona kabisa. Kompyuta alifundishwa akiwa na mvi tayari, na binti mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, kwa sharti la kumfagilia duka kila asubuhi. Kwa hiyo alijua mambo mengi nusunusu, na yale machache aliyoyajua yote aliyasema bila kuzunguka mbuyu. Alifikaje Winoni, hilo mwenyewe haelezi. Ukimbana anakujibu, "Nilikuwa natembea, nikafika," basi. Na habari inaanzia hapo.

Kitu cha kwanza alichokutana nacho Winoni ni marehemu anauza vitumbua.

"Marehemu, nipe vinne," alisema mteja mmoja.

"Marehemu, leo umevipatia," akasema mwingine, mdomo umejaa.

Mzee Shekue alimtazama yule muuzaji juu hadi chini. Alikuwa mtu wa mwili, jasho linamtiririka, kivuli chake kipo. Akamuuliza kulikoni.

"Karatasi yangu ya kifo ilitoka mwaka wa nne sasa," alijibu yule bwana akigeuza vitumbua. "Ilikuwa ya jirani yangu, mashine ikaandika jina langu. Imeshatoka, mgeni wangu, nifanyeje? Matanga yalifana. Nilikula mwenyewe."

"Na huyo jirani?"

"Yule amezikwa, ila hajafa. Karatasi yake iko kwenye foleni."

Ndivyo Mzee Shekue alivyoijua sheria ya kwanza ya nchi ile, iliyochongwa juu ya kila lango: Kilichochapwa kimetokea, ambacho hakijachapwa, kisubiri. Winoni mtoto hazaliwi mpaka printa itoe karatasi. Mvua haikunyesha mpaka itoke taarifa, hata kama umelowa chapachapa. Kulikuwa na kata mia tatu na kumi na mbili, na kila kata ilikuwa na kibanda chake, na ndani ya kila kibanda printa moja na kompyuta yake, na nje benchi refu la kusubiria. Mabenchi yale yalikuwa yamelika katikati kama sabuni.

Akiwa bado anatafuna kitumbua, akasikia kengele. Msafara ukatokea. Mbele mtu wa kengele, nyuma yake mbeba kigoda, kisha mpepea, kisha shahidi, kisha mwandishi wa shahidi, kisha msimamizi wa mwandishi, na wengine wengi ambao kazi zao hazikuonekana kwa macho. Katikati yao alitembea mwanamume mwembamba wa miaka arobaini na kitu. Mkono wake wa kulia ulivishwa mfuko wa hariri uliofunika vidole vinne na kukiacha cha shahada peke yake kimechomoza.

"Hao ndio Vidole wa Serikali," marehemu alimnong'oneza. "Wako arobaini."

"Wote wanabofya?"

"Aa, anabofya mmoja tu, huyo Ndaro. Waliobaki ni uongozi."

Mzee Shekue akawafuata hadi kibanda cha kata ya kwanza, akachungulia. Ndaro aliketi kwenye kigoda, akapepewa, akakinyoosha kidole kama mtu anayetaka kumgusa mtoto aliyelala. Kwenye skrini kulikuwa na dirisha lenye kitufe kilichoandikwa ENDELEA. Akakigusa.

"Ameendelea!" shahidi akapaza sauti.

"Na aendelee!" wakaitikia waliokaa benchini.

Likaja dirisha la pili, maandishi madogo kama siafu, marefu kuliko mkeka wa msikitini, na chini yake kitufe: NAKUBALI.

"Amekubali!"

"Na akubali!"

Mzee Shekue hakuweza kujizuia. Akaingiza kichwa. "Bwana mdogo, samahani. Umekubali nini?"

Mpepea akaacha kupepea. Ndaro akageuka, akawaza kwa uaminifu kabisa.

"Sijui, mzee wangu. Baba yangu alikubali, na babu yangu alikubali. Mimi nani hata nikatae?"

Hapo yafaa tueleze, maana wasomaji wengine hawajakaa na mashine hizi. Printa ni bubu. Haielewi lugha ya watu, wala lugha ya printa mwenzake. Inahitaji mkalimani asiyeonekana, anayekaa ndani ya kompyuta, ayapokee maneno yako na kuyageuza kwa lugha ya printa ile. Mafundi wa kwao Mzee Shekue humwita draiva. Printa ikibadilishwa, au mkalimani akizeeka, analetwa mpya. Jambo hilo kwingine kote ni la dakika tano. Lakini Winoni, Ikulu ilileta wakalimani wapya kila mwezi, na ilikuwa sheria ya pili kwamba amri haitolewi ila kwa kidole cha shahada, mtu akiwa amekaa mbele ya mashine yenyewe, mbele ya shahidi. Kwa hiyo kila mwezi Ndaro na uongozi wake wote walianza upya kata ya kwanza, wakibofya mlango kwa mlango, na wakalimani wengine wakaletwa kabla hawajafika mwisho.

"Na hapa ndani sasa wako wakalimani wangapi?" aliuliza Mzee Shekue.

"Kumi na tisa tangu kompyuta hii iletwe, na huyu ishirini."

"Wale wa zamani hamuwaondoi?"

Ndaro alishtuka. "Kuwaondoa! Mzee wangu, kwenu mtu akizeeka mnamtupa?"

Mzee Shekue, ambaye umri wake ulishapita sitini, akajipapasa mvi zake. Ila aliona matokeo yake. Mtu aliomba karatasi ya kununua mbuzi. Wakalimani ishirini wakagombania neno kila mmoja kwa lugha ya mashine yake. Printa ikatoa kurasa saba za nyota, miezi na mikia ya panya. Hizo nazo kwa kuwa zilichapwa, zilikuwa zimetokea. Palikuwa na wataalamu watatu wa kuzifasiri, wote wanono.

Msafara ulipokuwa unatoka kibandani, sauti ya mwanamke ikaupasua.

"Ndaro!"

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kilemba cha njano, kwapani ana bunda la karatasi za nyota, miguuni vumbi la siku mbili.

"Semeni," Ndaro akasema taratibu, na kidole chake kikapinda chenyewe. "Niko kazini."

"Uko kazini tangu nywele zako zikiwa nyeusi."

Benchi zima likaangua kicheko. Hata msimamizi wa mwandishi alikohoa.

"Nimekuja kukuarifu, si kukuchelewesha," Semeni aliendelea. "Mwezi unaandama baada ya siku sita. Karatasi yetu inatimiza miaka tisa kwenye foleni ya mashine ya mia tatu na kumi na mbili. Unaijua sheria ya ufagio?"

Ndaro aliijua. Kilichokaa foleni miaka tisa hufagiwa, na kikifagiwa ni kama hakikuombwa. Mwombaji arudi nyuma kabisa ya foleni.

"Miaka tisa mingine, Ndaro. Nitakuwa bibi harusi wa mkongojo. Bwana harusi nitambebea mimi meno yake kwenye kikombe."

"Nitafika safari hii."

"Safari hii! Uliwahi kufika mia mbili?"

"Mia mbili na nne," alisema Ndaro kwa aibu kidogo na fahari kidogo. "Mwaka ule wa kiangazi."

Semeni alimtazama. Halafu, mbele ya Vidole wote arobaini, akamtengenezea kola ya shati iliyokuwa imekunjika. "Nakwenda kukaa karibu na ile mashine," akasema. "Ikitoka, nitakuwepo. Isipotoka, mwezi ukionekana nitafunga mlango, na usinitumie mtu wa kunibembeleza. Nimechoka kungoja, Ndaro, sijachoka na wewe. Lakini kuchoka ni kuchoka." Akaondoka kwa hatua za mtu anayejua safari ni ndefu.

Mchana ule Mzee Shekue alimkuta Ndaro kwa marehemu, ameshika kitumbua hakili.

"Kwa nini usianzie mwisho?" alimuuliza. "Anza na hiyo ya mia tatu na kumi na mbili."

"Yupo aliyewahi kujaribu, mzee. Walisema anatembea kinyumenyume. Akahukumiwa kuvaa koti mgongo mbele mwaka mzima. Alikuwa haoni vifungo vyake."

"Na kazi unayoifanya kila kibanda, inatofautiana?"

Ndaro alicheka kwa mara ya kwanza. "Itofautiane wapi! Mibofyo kumi na minne. Naiota."

"Basi kama ni ileile, kwa nini usiiseme mara moja?"

"Niiseme kwa nani?"

Mzee Shekue alikumbuka duka la fotokopi. Akamuuliza kama kwenye zile kompyuta hapana mahali peusi, pasipo picha wala vitufe, panapopepesa kijistari kimoja tu. Ndaro akaacha kitumbua. Palikuwapo. Kwenye kibanda cha kata ya kwanza, nyuma ya pazia la kudarizi, palikuwa na skrini ya pili nyeusi tii, yenye waya uliokwenda hadi mashine za kata zote. Watu waliiita Giza, na walipopita karibu waliinamisha macho.

Wakaenda. Wakafunua pazia. Kijistari kilikuwa kinapepesa, kinapepesa, kama mtu anayetikisa mguu kwa kukosa subira.

"Inafanya nini?" Ndaro alinong'ona.

"Inangoja useme."

"Inangoja niseme nini?"

"Unachotaka."

Ndaro akakaa kitako sakafuni. Katika miaka yote ya utumishi wake alikuwa ameulizwa aendelee au akatae, akubali au aghairi. Anachotaka hakuwahi kuulizwa na mashine yoyote.

Siku mbili walikaa pale, mzee akieleza nusu aliyoijua, na Ndaro, ambaye alizijua mashine zile kama mama anavyojua vilio vya mwanawe, akijaza nusu iliyobaki. Kwanza waliandika orodha ya mashine zote kwa majina, moja kila mstari. Kisha wakaandika amri moja moja. Mzee alitaka foleni zifutwe, kazi ianze safi. Ndaro akamshika mkono.

"Hapana. Mle mna watoto wa watu hawajazaliwa. Foleni tuisimamishe tu, tusiifute. Tukimaliza tuiachie."

"Umenizidi," alisema mzee, akafurahi.

Waliposema wakalimani wa zamani waondoke, Giza likajibu kwa maandishi mekundu kwamba mkalimani yuko kazini, haondoki. Wakakuna vichwa nusu siku. Mwishowe Ndaro ndiye aliyegundua: huwezi kumtoa mkalimani angali na neno mdomoni. Simamisha mapokezi ya kazi kwanza, wote wanyamaze, hapo waage, wapumzike, muingize mpya mmoja, fungua mapokezi. Kwa mpangilio huo yakaenda.

"Na wale wazee?" Ndaro aliuliza, roho inamsuta.

"Wanapumzika. Mimi ni mzee, nakwambia: hakuna mzee anayependa kusimama mlangoni na wenzake kumi na tisa wakisema wote kwa pamoja."

Amri zile zikawekwa ndani ya duara. Anza na jina la kwanza kwenye orodha. Fanya haya yote. Nenda jina linalofuata. Ukifika mwisho, toka. Likabaki jambo moja tu, kujaribu kama mkalimani mpya anasema, maana mkalimani hajulikani mpaka afungue kinywa. Kwa hilo inatakiwa karatasi ya majaribio. Lakini Winoni hakichapwi kitu cha kujaribu, kwa kuwa kikichapwa kimetokea.

"Mimi ninayo karatasi moja tu halali," alisema Ndaro, akaitoa kifuani. Ilikuwa nakala ya ombi lake la ndoa, imekunjwa mara nane. "Tukishatoka kwenye duara, tutakuwa tumesimama kwenye mashine ya mwisho. Tuseme hapo: chapa hii, kwenye mashine uliyopo."

Mzee akakubali. Ndaro akaandika mstari ule wa mwisho. Na kwa kuwa maisha yake yote hakuwahi kufanya jambo lolote ila alilifanya kwenye kila mlango, mkono wake uliuandika mstari ule ndani ya duara, kati ya wenzake, sawasawa nao. Mzee Shekue aliupitia kwa miwani yake yenye kioo kimoja, akasema, "Safi."

Ilibaki sheria. Baraza likaitwa siku ya nne. Kidole Mkuu, Mheshimiwa Makwinya, alikaa kwenye kiti chenye mito mitatu. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimelazwa juu ya mto wa nne.

"Nimeelezwa," alianza, "kwamba kuna mtu anataka kutoa amri kwa mashine asizokaa mbele yake. Amri bila kidole, waheshimiwa, ni uvumi!"

"Uvumi!" wakaitikia.

"Vidole vimetumika, mheshimiwa," alisema Mzee Shekue. "Imeandikwa kwa kibodi."

"Vidole vingapi?"

"Kumi."

Pakazuka rabsha. Kumi kwa mpigo! Mjumbe mmoja alisema ni ulafi. Mwingine akauliza kama kidole gumba nacho kilihusika, na alipoambiwa ndiyo, akatoka nje kupunga hewa. Wa tatu, msimamizi wa mwandishi wa shahidi, alisimama akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo.

"Kazi ikiisha kwa dakika, sisi wengine tutasimamia nini?"

"Hapo ndipo penyewe," alisema Makwinya. "Mgeni, jibu."

Mzee Shekue hakuwa na hotuba. "Sijui," alisema. "Lakini nimeona mabenchi yenu. Watu wameyala kwa makalio."

Kicheko kikaanzia kwa waliosimama dirishani, kikaingia ndani, kikamfikia mpepea. Makwinya akakunja uso, ila mzee alikuwa ameshaona yule bwana anachopenda.

"Na tena, mheshimiwa, amri zote hizi zimelala tu. Haziamki mpaka kibonyezwe kitufe kimoja cha mwisho. Kitufe kimoja, kwa kidole kimoja. Tulifikiri, nchi nzima kwa mbofyo mmoja... si kazi ya mtu mdogo kama Ndaro."

Makwinya alikitazama kidole chake juu ya mto. Miaka kumi na mmoja hakikuwahi kubofya kitu.

Hukumu ikatoka: jaribio lifanyike, kwa masharti mawili. Vidole kumi viwe vimethibitika kuwa vya mtu mmoja, vikahesabiwa. Na amri zisomwe kwanza zote mbele ya Baraza bila kutekelezwa, Giza liseme tu lingefanya nini. Hili la pili lilikuwa la busara kuliko yote yaliyowahi kuamuliwa pale, na Ndaro alijua namna ya kulifanya. Asubuhi ya siku ya tano shahidi akaanza kusoma.

"Mashine ya kwanza! Ningesimamisha mapokezi. Ningeondoa wakalimani ishirini. Ningeingiza mmoja. Ningechapa karatasi ya mkononi. Ningeachia foleni!"

"Na ingefanya!" likaitikia Baraza.

"Mashine ya pili! Ningesimamisha mapokezi..."

Kufika mashine ya tisa, makofi yalikuwa yamepoa. Mashine ya thelathini, wajumbe wawili walikuwa wamelaza videvu vifuani. Mashine ya sitini Mzee Shekue mwenyewe alikuwa anakoroma, na Ndaro hakuwa anasikia neno. Alikuwa anahesabu siku kwa vidole vyake kumi, na zilikuwa mbili tu. Msomaji makini ameshasikia lililosomwa tangu mashine ya kwanza. Baraza zima halikusikia. Saa sita mchana shahidi akamaliza, sauti imekauka, na wote wakaamka wakapiga kura ya ndiyo.

Makwinya akanyanyuliwa hadi mbele ya Giza. Kidole kikaondolewa kwenye mto wake, kikapakwa manukato, kikashuka.

"Amebofya!"

Kwanza kimya. Kisha printa ya kata ya kwanza, ambayo kwa miaka ilinguruma na kutapika nyota kama mtu mwenye tumbo, ikavuta pumzi, ikateleza karatasi moja safi. Mbali kidogo ikaamka ya kata ya pili. Ikaamka ya tatu. Sauti ikaenda ikitandaa kata hadi kata kama mvua inavyopiga mabati inakuja. Foleni zikafunguka. Watu wakaruka kwenye mabenchi, karatasi juu. "Nimezaliwa!" alipiga kelele mama mmoja wa wajukuu wanne. "Nyumba yangu iliungua kweli, nilijua!" alisema mwingine, akakumbatiwa kwa furaha na pole kwa pamoja. Marehemu alipata karatasi ya kufufuka aliyoiomba zamani, akaisoma mara mbili, akatangaza vitumbua vya bure hadi unga uishe.

Ndaro hakusherehekea. Alisimama mlangoni ameukodolea macho upande ule wa njia ya Semeni.

Mjumbe wa kwanza akaja mbio kutoka kibandani hapohapo. "Mheshimiwa! Karatasi ya kwanza iliyotoka inasema Ndaro amemwoa Semeni. Hapa, kata ya kwanza!"

"Kata ya pili pia!" aliingia mwingine akihema. "Ameoa kwetu!"

"Uongo, ameoa kwetu, kata ya tano, tumeshaanza kuosha mchele!"

Mzee Shekue akavaa miwani, akainama kwenye Giza, akausoma tena ule mstari. Ulikuwa umekaa pale ndani ya duara na wenzake, umetulia kama mgeni aliyekwisha kula. "Ndaro, mwanangu," alisema polepole, "umeoa kila mahali."

Taarifa ya mwisho ikajiandika: mashine mia tatu na tisa zimetekeleza, tatu hazikujibu kwa kukosa umeme.

Makwinya alikaa sakafuni bila mto. Sheria ni sheria, kilichochapwa kimetokea. Pakawa na mjadala mkali kuliko wote. Je, mtu anaweza kuoa mara mia tatu na tisa? Kitabu cha sheria kikaletwa, kikapekuliwa. Kiliweka mpaka kwa idadi ya wake. Kwa idadi ya harusi na mke yuleyule kilikuwa kimya. Mjumbe aliyetoka kupunga hewa akapendekeza zichapwe karatasi mia tatu na nane za kubatilisha, ibaki ndoa moja.

"Ziandikwe na nani?" aliuliza Makwinya.

Wote wakageuka kumtazama Ndaro, kisha Mzee Shekue, kisha lile duara.

"Na mstari ukikosewa mahali tena?" alisema msimamizi wa mwandishi kwa sauti ndogo. "Talaka mia tatu na tisa..."

Hakuna aliyetaka kuendelea na wazo hilo. Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba harusi zote ni halali na kila kata iigharimie ya kwake. Kabla ya mchana kuisha, zile kata tatu zisizo na umeme zilikuwa zimeshaleta malalamiko ya kubaguliwa.

Lakini Ndaro alikuwa hayupo tena barazani. Alikuwa amevua mfuko wa hariri, ameuacha juu ya kigoda, ameingia njiani. Mzee Shekue alimfuata, maana njia ikionekana yeye haachi. Kila kata waliyopita ilikuwa na ngoma na sufuria jikoni, na watu walitoka kumvuta shati.

"Bwana harusi, ingia! Harusi yako hii!"

"Nitarudi!" alijibu Ndaro bila kusimama. "Wekeni ukoko!"

Alipita kata ya mia mbili na nne, akasita unyayo mmoja, maana mbele ya hapo hakupajua. Kisha akaenda, tena kwa kasi. Alitembea usiku na mchana. Mzee Shekue aliyezunguka dunia anasema hajawahi kuachwa nyuma namna ile.

Jioni ya mwezi kuandama wakafika. Kata ya mia tatu na kumi na mbili ilikuwa na nyumba nane, benchi moja, na kibanda ambacho pazia lake lilikuwa jipya kwa kutotumika. Semeni alikuwa kwenye mlango wa nyumba yake, mikono imejaa unga hadi viwikoni, kilemba cha njano kimekwenda upande. Karatasi aliitundika juu ya mlango, nje, kila mtu aione. Mlango ulikuwa wazi.

Ndaro akasimama mbele yake. Vumbi limempaka hadi nyusi. Mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu, na alikuwa hajui aiweke wapi.

Semeni akaiangalia mikono ile. "Umekuja kikazi," aliuliza, "au umekuja?"

"Nimekuja."

"Basi osha mikono. Yote. Chapati haijisukumi."

Wanawake wa nyumba nane wakapiga vigelegele, na Ndaro akainama kwenye ndoo.